556, 104 au 238: Nani anahesabu vifo vya kina mama?

*Namba moja ya afya ya Tanzania imepatikana kwa njia tofauti, na kila njia ina watu inaowaona na watu inaowapita. Anayepanga utafiti wa afya hana budi kujua ni akina nani.*

Mdadisi anakaribishwa kiti, anawasha kishikwambi, na baada ya maswali mengi kuhusu vyandarua, choo na chanjo za watoto anafika kwenye sehemu ambayo wanawake wengi hawakuitarajia. Mama yako mzazi alizaa watoto wangapi, ukijihesabu na wewe? Wataje, kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba.

Mwenye nyumba anahesabu kwa vidole. Wa kwanza wa kiume, yupo hai. Wa pili wa kike, ni marehemu. Alifariki mwaka gani? Akiwa na umri gani? Alikuwa mjamzito? Alifariki wakati anajifungua? Kama alikuwa ameshajifungua, zilipita siku ngapi? Anayeulizwa huenda alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi dada yake alipofariki huko kwa mumewe, mkoa mwingine, na alichoambiwa na wakubwa ni kwamba dada aliugua ghafla.

Majibu ya namna hiyo, yakikusanywa kwa maelfu, ndiyo yaliyozaa mojawapo ya namba zilizotajwa sana katika siasa na afya ya Tanzania kwa miaka ya karibuni.

Kishindo cha namba

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vitokanavyo na uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Uliofuata, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022, ulitoa 104. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua matokeo yake Dodoma, Oktoba 2023. Februari 2025 alikabidhiwa tuzo ya Goalkeepers ya Gates Foundation, na kushuka huko kwa zaidi ya asilimia 80 ndiko kulikotajwa mbele ya yote.

Kwingineko kulikuwa na namba nyingine. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, yaliyotolewa mwanzoni mwa 2023, yaliipa Tanzania vifo 238 kwa mwaka 2020.

Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kila mwaka. Tukichukua milioni mbili kamili ili hesabu iwe nyepesi, 104 ni kina mama 2,080 kwa mwaka. 238 ni kina mama 4,760. 556 ni zaidi ya 11,000. Mganga mkuu wa mkoa anayepanga chupa za damu, gari la wagonjwa na wakunga wa zamu ya usiku hawezi kupanga kwa namba zote tatu.

Si lazima pawe na aliyedanganya. Namba hizo zimepikwa kwenye vyungu tofauti, na mpishi wa kila kimoja alikuwa na sababu zake.

Aliyeuliza swali ni nani?

Wanafunzi wa utafiti hufundishwa mapema kutenganisha data za msingi na data za upili. Za msingi ni zile mtafiti anazokwenda kuzikusanya mwenyewe kwa ajili ya swali lake: anauliza, anapima, anatoa damu, anakaa kuangalia. Za upili zilishakusanywa na mtu mwingine, kwa shughuli nyingine, naye anazichukua zikiwa tayari: rejesta za hospitali, mafaili ya bima, sensa, tafiti za zamani.

Mgawanyo huo ni rahisi darasani. Nje ya darasa unateleza. Majibu ya yule mama kuhusu dada yake ni data za msingi kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu iliyomtuma mdadisi. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayepakua faili hilohilo bila malipo miaka miwili baadaye, akiwa amekaa maktaba, anatumia data za upili. Data ni ileile. Kilichobadilika ni umbali kati ya aliyeuliza na anayehitimisha.

> Data ni ileile. Kilichobadilika ni umbali kati ya aliyeuliza na anayehitimisha.

Umbali huo ndio unaoamua mengi, kama historia ya namba ya 556 inavyoonyesha. Utafiti wa 2010 ulitoa 454, na watakwimu waliambatanisha tahadhari kwamba ukweli unaweza kuwa popote kati ya 353 na 556. Ule wa 2015/16 ulikuwa na mipaka ya 446 hadi 666. Mipaka hiyo inapandiana, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuapa kwamba vifo viliongezeka katikati ya tafiti hizo mbili. Lakini anayepokea namba tupu, bila mipaka yake, huona 454 ikipanda kuwa 556 na kutangaza balaa.

Kuna jambo la pili, dogo machoni lakini zito. Kipimo cha 2015/16 kilihesabu kifo chochote cha mwanamke kilichotokea akiwa mjamzito, akijifungua, au ndani ya miezi miwili baadaye, hata kama sababu ilikuwa ajali ya bodaboda. Hojaji ya 2022 iliongeza maswali yanayowezesha kuondoa ajali na ukatili, na kuishia siku 42 baada ya kujifungua kama fasili ya Shirika la Afya Duniani (WHO) inavyotaka. Mabadiliko hayo peke yake hayawezi kumeza pengo la kutoka 556 hadi 104. Hata hivyo yanatosha kumzuia mtafiti makini asichore mstari ulionyooka kati ya namba hizo mbili.

Kwamba vifo vimeshuka, ushahidi upo wa pande nyingi. Waliojifungulia kwenye vituo vya huduma walikuwa asilimia 63 mwaka 2015/16, na kufikia 2022 walikuwa asilimia 81. Vituo vya afya vingi vilijengewa vyumba vya upasuaji, na mama mwenye uchungu uliokwama hahitaji tena kusafirishwa umbali uleule hadi hospitali ya wilaya. Mfumo wa m-mama, unaopigiwa simu namba 115 na kutumia hata magari ya watu binafsi pale ambapo gari la wagonjwa halipo, umesambazwa nchi nzima. Mwelekeo haubishaniwi sana. Kinachobishaniwa ni ukubwa wa mteremko.

Ndani ya Kitabu namba 12

Mtu angeuliza: kwa nini tuhangaike kuwauliza watu habari za dada zao wakati hospitali zina rejesta?

Jibu linaanzia kwenye Kitabu namba 12 cha MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Ni daftari kubwa la wodi ya wazazi lililojaa safu nyembamba. Kila mama ana mstari wake: jina, umri, mimba ya ngapi, saa aliyojifungua, kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji, uzito wa mtoto, hali ya maambukizi ya VVU, matatizo yaliyojitokeza, na hatima ya mama na mtoto. Anayejaza ni muuguzi mkunga yuleyule anayezalisha. Usiku wenye kina mama wengi na mkunga mmoja, kalamu husubiri. Mistari mingine hujazwa asubuhi kabla ya kukabidhiana zamu, kwa kumbukumbu na kwa vikaratasi vilivyobaki mfukoni.

Mwisho wa mwezi mistari hujumlishwa, jumla hupelekwa kwenye fomu, na fomu huingizwa kwenye DHIS2, programu iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo ambayo Tanzania Bara ilikamilisha kuisambaza wilayani mwaka 2013. Kenya iliitangulia, mwaka 2011. Ni hazina kubwa. Inaonyesha kila mwezi, kituo kwa kituo, mambo ambayo utafiti wa kaya huyaonyesha mara moja kwa miaka mitano au zaidi.

Ila kitabu kinamwona aliyefika. Mama aliyevuja damu nyumbani, au juu ya pikipiki kabla hajafika zahanati, hana mstari. Aliyefariki kwa mimba iliyoharibika akiwa amelazwa wodi ya kawaida anaandikwa Kitabu namba 14, cha wagonjwa waliolazwa, na huenda asihesabiwe kamwe kuwa kifo cha uzazi. Wiki tatu baada ya kujifungua, mwenye kifafa cha mimba anaweza kurudishwa hospitali nyingine kabisa. Na kifo cha uzazi kikitokea kituoni hufuatwa na taarifa ya haraka na kikao cha kukijadili. Utaratibu ni mzuri, lakini wapo watumishi wanaokiona kikao hicho kama kiti cha mashtaka. Mtafiti asipolijua hilo ataamini kwamba wodi yenye vifo vichache kwenye vitabu ndiyo wodi salama.

Halafu kuna kigawanyo, yaani idadi ya watu ambayo hesabu ya waliohudumiwa hugawanywa nayo. Kwa muongo mzima kabla ya sensa ya 2022, wilaya zilikuwa zikikisia idadi ya wajawazito na watoto kutoka sensa ya 2012. Eneo lililopokea wahamiaji wengi wa machimbo au kilimo liliweza kuripoti chanjo ya zaidi ya asilimia mia moja bila mtu yeyote kughushi chochote.

Rufiji walipokwenda nyumbani kwa marehemu

Mfano mzuri wa faida ya kuondoka ofisini uko nchini humuhumu. Miaka ya 1990 Wizara ya Afya, kwa ushirikiano na shirika la Kanada la IDRC, iliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali lilikuwa la bajeti: je, fedha za wilaya zinakwenda kwenye maradhi yanayoua watu?

Rejesta hazikuweza kujibu, kwa sababu watu wengi walikuwa wakifia nyumbani. Kwa hiyo kaya zilisajiliwa na kutembelewa mara kwa mara, na palipotokea msiba wadadisi walirudi baada ya muda kuwahoji ndugu: homa ilianza lini, alitapika, alidegedeka, alipelekwa wapi kwanza? Kutokana na maelezo hayo madaktari walikadiria chanzo cha kifo.

Majibu yaliwakera waliozoea kunakili bajeti ya mwaka uliopita. Morogoro, malaria ilikuwa inabeba kiasi cha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya. Wilaya zikapewa nyongeza ndogo, isiyofika dola moja kwa kila mkazi, pamoja na takwimu za kuwaongoza wapi pa kuiweka. Ndani ya miaka mitano vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika wilaya hizo.

> Malaria ilibeba asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea Morogoro, ikapewa asilimia 5 ya bajeti.

Kazi ya namna hiyo ni ghali, na si ya fedha peke yake. Inachosha watu. Vijiji vinavyozunguka vituo vikubwa vya utafiti vimehojiwa kizazi kwa kizazi, na pale sindano inapoingia, uvumi wa mumiani haukawii kufufuka. Isitoshe, anayehojiwa ana adabu zake. Akiulizwa kama mtoto alilala ndani ya chandarua, na muulizaji amevaa kitambulisho cha mradi wa malaria, atajibu ndiyo hata kama chandarua kinafuga kuku.

Hospitali 671 ambazo hakuna aliyezitembelea

Upande wa pili, mvuto wa data zilizokwisha kukusanywa ulionekana waziwazi Mei 2020. Jarida la *The Lancet* lilichapisha uchambuzi wa wagonjwa 96,032 wa UVIKO-19 kutoka hospitali 671 za mabara sita. Hitimisho lilisema dawa za klorokwini na haidroksiklorokwini zilihusishwa na vifo zaidi. Tarehe 25 Mei WHO ikasimamisha kwa muda sehemu ya jaribio lake iliyohusu haidroksiklorokwini.

Data zote zilitoka kwa kampuni moja ya Marekani, Surgisphere, iliyoongozwa na daktari Sapan Desai. Wasomaji wakaanza kupiga hesabu. Vifo vilivyodaiwa kutoka Australia vilizidi vile nchi nzima ilivyokuwa imevitangaza hadi tarehe husika. Kwa Afrika hali ilikuwa ya kushangaza zaidi: wanasayansi walioandika barua ya wazi walionyesha kwamba, kwa mujibu wa uchambuzi huo, takribani robo ya wagonjwa wote wa bara hili na asilimia 40 ya vifo vingekuwa vimetokea kwenye hospitali zilizounganishwa na Surgisphere, zenye kumbukumbu za kielektroniki za hali ya juu. Yeyote aliyewahi kutafuta faili lake la karatasi kwenye dirisha la mapokezi ya hospitali ya wilaya angeuliza hospitali hizo ziko mtaa gani.

Wakaguzi huru waliomba kuona data ghafi. Kampuni haikuzitoa. Tarehe 4 Juni waandishi watatu kati ya wanne, Desai akiwa ndiye aliyekosekana, waliiondoa makala. Haikupita hata wiki mbili tangu ichapishwe.

Siku iliyofuata, jaribio la Uingereza la RECOVERY likatangaza kwamba haidroksiklorokwini haiwasaidii wagonjwa waliolazwa. Siku chache baadaye likaonyesha kuwa deksamethasoni, dawa ya bei nafuu, inapunguza vifo vya walio kwenye mashine za kupumulia kwa theluthi moja. Jaribio hilo liliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu na kukusanya data zake lenyewe, lakini kwa fomu fupi mno, kwa sababu sehemu kubwa ya ufuatiliaji ilichotwa kutoka kumbukumbu za kawaida za mfumo wa afya wa Uingereza. Surgisphere haikuanguka kwa kutumia data za upili. Ilianguka kwa sababu hakuna aliyeweza kurudi nyuma hadi kwenye kitanda cha mgonjwa.

Kuunga pande mbili

Kilifi, pwani ya Kenya, wameishi na mchanganyiko wa data za msingi na za upili tangu mwaka 2000. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na washirika wao kutoka Wellcome Trust waliwasajili wakazi wa eneo linalozunguka hospitali ya Kilifi, leo wakiwa karibu laki tatu, na wanaendelea kupita nyumba kwa nyumba kuandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Mtoto akilazwa, jina lake huoanishwa na kaya yake. Kitabu cha wodi kinapata kile kinachokosekana Tanzania na kwingineko: kigawanyo cha kweli. Inajulikana waliofika hospitali, na inajulikana wametoka miongoni mwa wangapi.

Wanafunzi wengi hawana Kilifi. Wana miezi michache, mkopo au mshahara wa kujibana, na kibali cha maadili kinachochukua muda wake. Kwao, kupakua faili la utafiti wa kitaifa ni uamuzi wa busara. Tatizo huja pale faili linapoanza kuchagua swali. Chukua utafiti, na ziko nyingi za aina hiyo, unaotaka kujua kwa nini kina mama hawajifungulii hospitali, kwa kutumia data hizi za kaya. Anayeulizwa ni mwanamke aliye hai. Aliyefia kwenye uzazi nyumbani, ambaye habari zake ndizo zenye uzito kuliko zote, hayumo. Utajiri wa kaya nao ulipimwa siku ya mahojiano, ingawa uzazi unaochunguzwa ulitokea miaka kadhaa nyuma, pengine kabla ya bati na sola kununuliwa. Kompyuta itatoa majibu bila kulalamika.

Msimamizi mzuri humtaka mwanafunzi asome hojaji nzima kabla ya kugusa faili, swali kwa swali, pamoja na maelekezo waliyopewa wadadisi. Ni kazi ya siku mbili tatu. Wengi huiruka.

Mlipaji ameondoka mezani

Tafiti hizi za kaya zilikuwa sehemu ya mpango wa kimataifa ulioanzishwa mwaka 1984 kwa fedha za USAID. Tanzania iliingia 1991/92 na imeurudia utafiti huo mara kadhaa tangu hapo. Februari 2025, mwezi uleule ambao tuzo ilikabidhiwa kwa kazi iliyopimwa na utafiti huo, serikali ya Marekani iliukatisha mpango wenyewe. Gates Foundation baadaye ilitoa fedha za muda ili tafiti zilizokwisha kuanza katika nchi mbalimbali zisiishie njiani.

Wapo wanaoona hapo nafasi ya kuimarisha rejesta na usajili wa vifo kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili, badala ya kusubiri wageni wagharimie wadadisi. Hoja ina nguvu. Uzazi wa kituoni ukiwa umefika asilimia 81, Kitabu namba 12 kinaona zaidi kuliko kilivyowahi kuona. Lakini karibu mmoja kati ya kila wazazi watano bado yuko nje ya kitabu, na hakuna ushahidi kwamba huyo wa nje ana hatari sawa na wa ndani. Wanaotetea utafiti wa kaya hushikilia hapo.

Kwa mwendo uliozoeleka, utafiti unaofuata ungetakiwa kuwa uwandani kati ya 2027 na 2028. Kabla ya hodi ya kwanza kupigwa, sampuli ichorwe kwa kufuata sensa ya 2022, hojaji ijaribiwe, wadadisi wafundishwe kwa wiki kadhaa, magari yapatikane. Fungu hilo lisipopatikana, 104 haitakuwa na namba ya kulinganishwa nayo isipokuwa itakayotoka kwenye vitabu vya wodini, na namba za aina hizo mbili hazikuwahi kupima kitu kimoja.